Prezentesheni ya sayansi inapokwama: tafuta dalili yako hapa

Habari zenu wadogo zangu, na wenzangu wa risachi. Hapa Dodoma nakaa sana na wanafunzi wa sayansi wanaojiandaa kudifendi, yaani kutetea utafiti wao mbele ya walimu, na vijana wa miradi wanaotakiwa kwenda kueleza matokeo yao kwa wakulima Bahi na Chamwino au kwenye mabanda ya Nane Nane pale Nzuguni, na malalamiko wanayokuja nayo ni yaleyale mwaka hadi mwaka. Nimeyapanga kwa dalili. Usisome kuanzia juu mpaka chini, tafuta linalokusumbua, anza na sababu ya kwanza maana ndo inayowapata wengi, pima kitu rahisi kwanza afu ndo uende ndani.

Ila kabla ya yote jaribu hiki kitu sasa hivi. Weka simu pembeni, sema kwa sauti: nimegundua nini? Kama jibu halitoshi kwenye pumzi moja basi tatizo lako lipo hapo, hata kama dalili inaonekana kwingine. Sehemu kubwa ya yanayoharibika mbele ya watu nimeona yalishaharibika siku mbili tatu nyuma, mtu kafungua kompyuta anapanga rangi za slaidi na hajajua bado anachotaka kusema.

Dalili: "Nikisimama tu kichwa kinakuwa cheupe"

Hili ndo linaongoza, na karibu kila anayeniletea anasema "dada mimi nina woga". Woga upo, simkatalii mtu, ila nikichimba nakuta woga umekuja wa pili.

Sababu ya kwanza ni kukariri neno kwa neno. Mtu kaandika kurasa nne kazimeza kama shairi la shule ya msingi, sasa neno moja likitoka mstari wote unaanguka maana kila neno lilikuwa limeshikwa na la nyuma yake. Kipimo: mwambie rafiki akukatishe katikati aseme "hebu anzia slaidi ya tano". Ukishindwa kuanza bila kurudi mwanzo, umekariri. Dawa yake kariri sentensi mbili za kufungulia na moja ya kufungia, basi. Kwingine kote bakiza wazo moja kwa kila slaidi, na kila ukifanya mazoezi lieleze kwa maneno mengine, leo hivi kesho vile, mpaka ulimi uzoee kwamba njia ya kufika pale sio moja. Na hili ndo linalowaokoa hata wale ambao Kiingereza huwa kinawakimbia, kwasababu aliyekariri sentensi hana ya akiba, aliyeelewa wazo anatafuta maneno mepesi anaendelea.

Sababu ya pili, hujawahi kuisema kwa sauti. Kuipitia kichwani umelala kitandani sio mazoezi, kichwani kila mtu anaongea vizuri. Simama, vaa viatu utakavyovaa siku yenyewe, washa saa ya simu, sema mwanzo hadi mwisho mara tatu na ukikosea usirudi nyuma, endelea kama ambavyo ingebidi uendelee mbele ya watu.

Ya tatu ni usingizi na tumbo. Unakuta mtu kakesha anarekebisha slaidi mpaka saa kumi alfajiri, asubuhi kanywa kahawa na enaji drinki juu ya tumbo tupu, afu anashangaa mikono inatetemeka. Lala, na kula hata chapati na chai.

Ya nne ndo woga wenyewe. Kabla hujaitwa toa pumzi taratibu, iwe ndefu kuliko ulivyoivuta, mara nne au tano. Na mikono ipe kazi. Kuna binti alikuwa anawasilisha kuhusu sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu, kwenye karanga, karatasi aliyoshika ilikuwa inatetemeka mpaka inalia kama majani makavu, na kadri alivyoisikia ndo alivyozidi kutetemeka. Tukaiweka karatasi mezani. Kwenye mkoba alikuwa na kichupa cha maabara chenye karanga za ukungu, alipanga kukionesha mwishoni kabisa, nikamwambia anza nacho. Akakinyanyua, akakizungusha taratibu mpaka upande wenye ule ukungu wa kijani-njano ukawageukia watu, akasema "tatizo langu liko humu". Watu wakainuka kidogo kwenye viti kuangalia, mikono yake ikatulia, na nadhani hata yeye hakugundua ilitulia saa ngapi.

Ikikutokea palepale mbele kichwa kimekuwa cheupe, nyamaza. Kunywa maji, soma kichwa cha slaidi kwa sauti, halafu sema "maana yake ni kwamba" uendelee. Kimya cha sekunde tano wewe unakiona kirefu, waliokaa wanajua unafikiri tu.

*Hapa simama:* usimeze dawa ya mwenzio ya kutuliza moyo. Najua propranolol huwa zinapitishwa mkono kwa mkono kipindi cha difensi, na kwa mwenye pumu zinaweza kubana kifua vibaya sana, hiyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari baada ya kukupima. Kama unapata maumivu ya kifua au unazimia nenda hospitali. Kama hofu inakufanya ukwepe vipindi, usilale wiki nzima, utapike kila ukitajiwa kusimama, mazoezi ya rafiki hayatoshi, muone mshauri nasaha wa chuo au daktari, na uende mapema sio wiki ya mtihani.

Dalili: "Wanasinzia, wanachezea simu"

Wengi wanadhani ni sauti yao. Mara chache sana ni sauti.

Mara nyingi ni utangulizi mrefu. Nimekaa kwenye ukumbi hapahapa Dodoma mtu akatumia dakika nne kutuambia Dodoma ipo katikati ya Tanzania na ina ukame, tumekaa ndani yake tunamsikiliza. Anza na tatizo. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafariki hapa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, ukifungua na hilo hakuna atakayeshika simu, na ukame utautaja baadae kwa sentensi moja pale utakapohitajika.

Sababu inayofuata ni namba zisizo na umbo, na hapa nataka tukae kidogo maana ndo sayansi yenyewe inapotea hapa. Kiwango cha juu cha sumukuvu kinachoruhusiwa kwenye mahindi na karanga kwa viwango vya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Umesema kweli, na hakuna aliyeona kitu. Sasa chukua gunia la kilo 100, kiwango hicho ni miligramu moja ndani ya gunia zima. Kidonge cha panadol kina miligramu 500 za dawa. Kwahiyo mwambie msikilizaji wako achukue ile dawa iliyomo kwenye kidonge kimoja, aigawe mafungu 500, afu fungu moja alitupe ndani ya gunia, ikizidi hapo gunia halifai kuuzwa. Namba ni ileile hujaipunguza wala kuiongeza, ila sasa ina ukubwa unaoshikika. Pitia prezentesheni yako yote, kila namba jiulize ingekuwa na ukubwa gani jikoni, shambani au sokoni Majengo, na ile isiyo na jibu ibaki kwenye ripoti.

Mwisho kuna muda uliopangiwa. Ukipewa saa nane mchana watu wametoka kula ugali, huwezi kubadilisha hilo, fupisha na ulete kitu cha kushika.

Dalili: "Wanasema hawaoni"

Anza na kipimo: fungua slaidi kwenye laptopu, iweke mezani, rudi nyuma hatua sita. Usichoweza kusoma kutoka hapo waliokaa nyuma hawatakisoma. Maandishi yasishuke chini ya saizi 24.

Sababu kubwa ni jedwali la SPSS, ile programu ya takwimu, lililonakiliwa lilivyo, safu nane mistari kumi na mbili, halafu mtu anasema "kama mnavyoona hapa". Hawaoni. Toa namba mbili au tatu unazozizungumzia, ziandike kubwa, jedwali zima liweke slaidi za akiba nyuma. Baada ya hapo ni rangi, njano juu ya nyeupe haipo kabisa kwenye projekta, na nyekundu na kijani kuna wanaume wasiozitofautisha kwahiyo mistari ya grafu itofautishe pia kwa alama au unene. Halafu jua letu hili, kumbi nyingi hazina mapazia, fika mapema uangalie ukuta unapigwa na mwanga upande gani.

Kuna wakati wanaona vizuri ila hawaelewi wanachoona. Grafu usiirukie kwenye matokeo, taja kwanza huku chini ni nini na huku pembeni ni nini. Kijana mmoja alionesha grafu ya mvua za Dodoma mbele ya wageni, na mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, kwahiyo Juni mpaka Septemba nguzo zikawa hazipo. Mgeni akauliza kwanini data za miezi minne zimepotea. Hazikupotea, ndo kiangazi chenyewe, na hilo pengo ndo lilikuwa sababu ya utafiti wake wote wa visima. Angesema tu "huku chini ni miezi, angalieni hapa katikati hakuna kitu, hicho ndicho nimekuja kuzungumzia".

Dalili: "Projekta haioneshi"

Hapa fuata mpangilio, usirukeruke:

1. Waya. Chomoa chomeka pande zote mbili, mara nyingi ni hivi tu.
2. Chanzo. Kwenye rimoti ya projekta bonyeza kitufe cha kuchagua chanzo mpaka ifike kwenye tundu ulilochomeka.
3. Laptopu. Kama ni Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague ile ya kuonesha kitu kilekile pande zote mbili. Ikionekana lakini slaidi yako haipo, ulikuwa kwenye ile ya kupanua kioo.
4. Adapta. Projekta za zamani zina tundu la VGA lenye matundu mengi madogo, laptopu mpya hazina. Beba adapta yako, usitegemee ya chuo.
5. Faili. Liwe na nakala ya PDF kwenye fleshi na nyingine kwenye barua pepe yako, PDF haibadilishi fonti wala kusogeza picha ukifungua kwenye kompyuta ya watu.

Umeme ukikatika je? Unakatika, na tena siku hiyohiyo. Mimi kuna mara ulikatika nikiwa slaidi ya pili, kwenye ukumbi wa taasisi fulani, jenereta haikuwa na mafuta, nikasimama nasubiri dakika kumi na tano na watu wakaanza kutoka. Niliumia sana kwasababu nilichotaka kusema nilikuwa nakijua, ila nilikuwa nimekiweka chote ukutani. Toka siku ile natembea na grafu mbili kubwa nimezichora kwa makapeni kwenye karatasi za flipchati, na kila ninayemfundisha namwambia afanye zoezi moja bila slaidi kabisa.

*Hapa simama:* ukisikia harufu ya kuungua, au ekstensheni imepata moto, au umeshika kitu kikakupiga shoti hata kidogo, usijaribu tena, zima swichi ya ukutani kama unaifikia salama, ita fundi umeme. Projekta usiifungue, ndani kuna umeme mkali na taa yake inaunguza hata baada ya kuzimwa. Na kama umeshafika namba 5 na dakika tano zimepita, ita mtu wa ICT wewe uanze kuongea.

Dalili: "Muda unaisha niko kwenye methodolojia"

Slaidi nyingi. Dakika kumi zinabeba slaidi kumi, na nane ni bora. Ukikuta una 26 usiongee haraka, punguza, na pa kwanza pa kupunguza ni methodolojia maana mtu anataka kujua umepima nini na wapi, lile jina la kampuni iliyotengeneza mashine atakuuliza akilihitaji. Andika kwenye kikaratasi namba ya slaidi unayotakiwa uwe umefika nusu ya muda. Ukichelewa, kwenye PowerPoint andika namba ya slaidi ya hitimisho kwenye kibodi kisha Enter, inaruka moja kwa moja bila watu kuona unapitisha slaidi kumi mbiombio.

Dalili: "Naongea vizuri ila maswali yananimaliza"

Kinachowapata wengi ni kujibu swali ambalo halikuulizwa. Presha imepanda, mtu anasikia neno moja "sampuli" anaanza kujitetea kuhusu sampuli. Rudia swali kwanza kwa maneno yako, "profesa, unauliza kwanini sikuchukua sampuli kipindi cha mvua, nimekuelewa sawa?" Hapo umepata sekunde za kufikiri, ukumbi wote umesikia swali, na aliyeuliza amepata nafasi ya kukurekebisha.

Sababu nyingine ni kuogopa neno sijui. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari Magamba, Lushoto, alipoona mwaka 1963 kwamba mchanganyiko wake wa aiskrimu aliouingiza kwenye friza ukiwa wa moto uliganda mapema kuliko uliopoa. Baadae akiwa sekondari ya Mkwawa kule Iringa akaja mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Denis Osborne, Mpemba akasimama akamuuliza mbele za watu na wenzake wakamcheka. Osborne hakuwa na jibu. Akaahidi kwenda kulijaribu, akalijaribu kweli, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja, mpaka leo wanafizikia duniani wanabishana juu ya jambo linaloitwa kwa jina la kijana wetu. Kwahiyo sema "hilo sikulipima, ila ningelipima hivi" na uendelee umesimama wima.

Ya mwisho ni nzito zaidi: matokeo sio yako. Umempa mtu data akakuchambulia, umebandika p sawa na 0.03 na huwezi kuieleza. Kipimo: mueleze ndugu yako asiyesoma sayansi. Tuseme ulikuwa unajaribu dawa ya mbegu: kama kweli dawa hiyo haileti tofauti yoyote, basi kuona tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi kwa bahati tu kungetokea kama mara 3 kwenye majaribio 100. Kama hukuweza kufika hapo, usiingie kwenye chumba cha difensi. *Hapa simama*, tafuta mtaalamu wa takwimu ukae nae saa moja na data zako mbele, na kama uchambuzi una kosa mwambie supavaiza kabla ya siku, omba siku isogezwe mbele. Kosa la hesabu halirekebishwi na ufundi wa kuongea.

Dalili: "Sauti inakauka"

Kiangazi chetu kina upepo na vumbi, koo linakauka hata kwa asiyeongea. Kunywa maji toka asubuhi sio dakika ya mwisho, ongea ukimlenga aliyekaa mbali kabisa, maiki ikiwepo itumie. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu muone daktari wa masikio, pua na koo.

Dalili: "Wakulima wanaitikia wote, ila hakuna kilichoeleweka"

Hii naipenda kuliko zote maana ndo kazi yetu inapofika mwisho wake.

Cha kwanza ni haraka. Umeshuka kwenye gari umeshika laptopu hujasalimia wazee. Wape shikamoo zao, sema mbukwenyi hata kama Kigogo chako kinaishia hapo, kaa, sikiliza kwanza wao wanaliitaje hilo tatizo. Cha pili ni vipimo, tani kwa hekta hazina maana kwa mtu anayehesabu magunia kwa ekari, na hekta moja ni kama ekari mbili na nusu kwahiyo fanya hesabu nyumbani usiifanye mbele yao. Cha tatu ni maneno, aflatoxin ina jina zuri la sumukuvu, lina sumu na lina kuvu, nusu ya maelezo yameshaisha. Na cha nne ni lile swali baya, "mmeelewa?" Hakuna mtu mzima atakayekujibu hapana mbele ya jirani zake. Badala yake omba mtu akueleze wewe, "mama, ukifika nyumbani utamwambiaje mzee?"

Yule binti wa kichupa tulienda nae kijiji kimoja huko Chamwino. Hakukuwa na projekta, alikuwa na kichupa chake na turubai ametandika chini na karanga juu yake. Alipomaliza akauliza hivyohivyo, na mama mmoja aliyekuwa amebeba mtoto akafikiri kidogo akasema "mwanangu, kwahiyo hizi nilizoanika chini zikanyeshewa usiku, zikaota ukungu, hata nikizikaanga sumu bado ipo?" Binti akamjibu ndio mama, moto wa kukaangia hauiondoi. Mama akanyamaza. Halafu akauliza kuhusu mtoto, kwamba amekuwa akizila hizo karanga, tumbo linamuuma, ampe dawa gani.

*Na hapa ndo pa kusimama kuliko pote.* Wewe umesoma fangasi, hujasoma tiba. Usitaje dawa, usimwambie hana shida, usimwambie anayo. Binti alimwambia mama hilo sio la kwangu kujibu, akamuita afisa afya wa kata ambaye tulikuwa tumekuja nae, wakaondoka wale watatu na mtoto kuelekea zahanati, sisi tukabaki tunakunja turubai.